Sura ya Tatu: Mifongo, Migomba na Mafuvu

Zamadamu walipokanyaga majivu mabichi ya volkano pale Laetoli, miaka milioni 3.66 iliyopita, Mlima Kilimanjaro ulikuwa haujazaliwa. Shira, kilele kikongwe kuliko vyote vitatu, kilianza kutapika moto miaka kama milioni 2.5 iliyopita. Kibo, hicho ambacho watalii hukipanda na wenyeji hukitazama, kilianza kujengeka nusu milioni ya miaka tu nyuma, na kilikuwa bado kinamwaga lava wakati watu wa aina yetu walipoanza kuonekana Afrika, kiasi cha miaka 300,000 iliyopita. Mkazi wa Rau, pembeni ya mji wa Moshi, anayetoka nje asubuhi kuangalia kama mlima umefunguka anaangalia kitu kichanga kuliko miguu aliyosimamia.

Shuleni tulifundishwa asili ya binadamu kama habari ya Ngorongoro. Oldupai, Zinjanthropus aliyegunduliwa na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, nyayo za Laetoli, basi. Mtihani ukipita mada imekwisha. Historia ya Moshi nayo ilianzia tarehe 11 Mei 1848, siku mmisionari Johannes Rebmann alipoona theluji juu ya mlima, akaandika alichokiona, na wasomi wa London waliokaa kwenye viti vyao wakambishia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Kati ya zamadamu wa Laetoli na Rebmann kuna pengo la zaidi ya miaka milioni tatu na nusu. Sehemu kubwa ya pengo hilo hatutaiziba katika kitabu hiki wala kingine. Lakini miaka elfu moja au mbili ya mwisho imeacha alama tele katika ardhi ya mlimani, na nyingi ya alama hizo mtu wa Rau anazivuka kwa miguu akienda sokoni.

Kuna Mtanzania aliyefanya kazi pande zote mbili za pengo hilo. Mwaka 2015 wanaakiolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki, walikuwa Laetoli wakikagua eneo lililopendekezwa kujengwa jumba la makumbusho. Walichimba mashimo ya majaribio ili kuhakikisha ujenzi hautaharibu kitu. Katika baadhi ya mashimo wakakuta nyayo, mita 150 hivi kusini mwa zile zilizoipa Laetoli umaarufu mwaka 1978. Nyayo 13 zilikuwa za kiumbe mmoja, na mmoja wa mwenzake. Yule mwenye nyayo 13 alikadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165, mrefu kuliko wenzake wote waliopita hapo na kuacha alama. Habari hizo zilichapishwa Desemba 2016, jina la Masao likiwa la kwanza.

Masao huyo huyo, mwaka 1974, alichapisha katika jarida la *Tanzania Notes and Records* makala juu ya mifereji ya maji ya Uchagga. Zaidi ya miaka arobaini inatenganisha makala hizo mbili, na ukizitazama haraka utadhani hazina uhusiano. Mimi naona ni kazi ile ile. Mtu ameacha alama ardhini bila kuandika chochote. Mchunguzi anainama, anapima, anauliza ni nani alipita hapa, alikuwa akienda wapi, alikuwa na nani. Tofauti ni kwamba aliyechimba mfongo ameacha wajukuu wanaoweza kuulizwa.

Tuanze na mfongo basi. Ndivyo mfereji wa asili unavyoitwa mlimani, na wingi wake ni mifongo. Unaanzia juu, kwenye mto ulioko ndani ya korongo, ambapo maji yanakingwa kwa mawe, magogo na matawi. Kutoka hapo mfereji unafuata ubavu wa kilima kwa mteremko mdogo sana, kiasi kwamba mgeni akiutazama kutoka upande wa pili wa bonde huapa kwamba maji yanapanda. Ukizidisha mteremko maji yatachimba ukingo na kuuvunja. Ukipunguza yatatuama na kujaa tope. Wazee waliochora njia hizo hawakuwa na kipimo cha fundi. Walifungua maji kidogo kidogo, wakayaacha yenyewe yaonyeshe pa kupita. Palipo na bonde dogo wakavusha kwa gogo lililochongwa katikati. Harry Johnston, Mwingereza aliyekaa kwa Mangi (yaani mtawala) Rindi wa Moshi mwaka 1884, aliikuta mifongo ikifanya kazi na kuisifu, na wageni waliomfuata walifanya vivyo hivyo, wakionekana kushangaa kwamba Waafrika wanajua maji yanakwenda upande gani.

Sheria zake ndizo zinazotufaa hapa. Mfongo mara nyingi hubeba jina la mtu aliyeuanzisha, na ukoo wake ndio wenye kauli. Siku ya kusafisha kila anayekunywa au kumwagilia kutoka mfongo huo anafika na jembe lake. Asiyefika hutozwa, zamani kwa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, au kwa mbuzi, na akikaidi anakatiwa maji. Zamu za maji hugawanywa na mzee wa mfongo, na wanawake, ambao ndio waliochota na kubeba maji hayo kila siku, hawakuwa na sauti katika kuyagawa. Hilo la mwisho tusiliruke kwa sababu tu tunasifu werevu wa mababu.

Kwa mtafiti wa historia, mfongo ni kumbukumbu yenye majina. Ukijua nani alichimba, mjukuu wa ngapi yuko hai, na mfongo upi ulilazimika kupita juu ya mwingine kwa sababu ule wa kwanza ulikwishawekwa, unaweza kupanga nani alifika kabla ya nani. Hupati mwaka kamili, unapata mpangilio. Nasaba zina tabia ya kujifupisha: mababu wasio na sifa husahaulika, wawili hugeuka mmoja. Kwa hiyo watafiti huenda pia kulinganisha na kwingine. Kule Engaruka, chini ya kuta za Bonde la Ufa, kuna mashamba ya mawe na mifereji iliyoachwa, mji wa wakulima waliomwagilia kati ya karne ya 15 na ya 18, kisha wakatoweka bila kutuachia jina lao. Engaruka ina magofu na haina wajukuu wanaojulikana. Kilimanjaro ina wajukuu na magofu machache, kwa kuwa kila kizazi kimelima juu ya kazi ya kizazi kilichotangulia.

Rau yenyewe iko mahali ambapo mteremko unachoka na kuwa tambarare. Maji yaliyozama juu mlimani hutokeza huku kama chemchemi, na ndiyo yaliyoulea Msitu wa Rau, msitu mnene wa maji ya ardhini uliobaki kijani pembeni ya mji huku nyika ya kusini ikikauka. Zamani ukanda huu haukuwa wa kuishi. Watu walikaa juu, kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba ya ukoo, palipo na baridi na mvua na mbali na malaria. Huku chini palikuwa shamba la ulezi, na baadaye mahindi, na mahali pa kukata majani ya ng'ombe. Wanawake walishuka alfajiri na kupanda jioni na mzigo kichwani. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, mji mpya ukajengwa tambarare, na jina la Moshi likashuka nao kutoka mlimani, likiiacha Old Moshi na neno la Kiingereza shingoni. Rau ikajazwa na watu polepole. Mwaka 1987 mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani, ukaanza kutumia maji ya mito ya Rau na Njoro kulima mpunga. Wakulima wa juu ya mabanio walipoona mpunga unalipa, nao wakalima, na maji ya kwenda chini yakapungua. Wahandisi walikuwa wamepima kila kitu isipokuwa majirani. Mzee wa mfongo angewaambia.

Sasa, watu hawa wa mfongo ni akina nani? Ukimuuliza Mchagga asili yake, atakutajia ukoo, kisha kijiji, kisha huenda akaongeza kwamba babu wa kwanza alitoka mahali fulani. Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza aliyechapisha kitabu juu ya Kilimanjaro mwaka 1924, na Kathleen Stahl, aliyetoa historia ya falme za Uchagga mwaka 1964, wote waliandika masimulizi ya namna hiyo: koo zilizosema zimetoka Ukamba, nyingine Taita, nyingine Upare, nyingine Usambara, nyingine kwa Wamasai. Wengine walikuja wakiwinda, wengine wakikimbia njaa, wengine wakikimbia deni. Ni koo chache zinazodai kuwa zilikuwapo tangu awali. Na hata zinazosema hivyo husimulia juu ya watu waliozitangulia, Wakonyingo, watu wafupi waliohamia juu sana karibu na Kibo na kutoonekana tena. Siwezi kukuambia Wakonyingo walikuwa watu wa kweli au wa hadithi. Ninachoona ni kwamba masimulizi yenyewe yanakubali kuwa mlima ulikuwa na wenyewe kabla ya wenyewe.

Lugha zinaunga mkono. Mwanaisimu Derek Nurse, mwaka 1979, alipanga lahaja za Kichagga kutoka Siha magharibi hadi Rombo mashariki, na picha aliyoipata ni ya mnyororo: kila kijiji kinamwelewa jirani, lakini mtu wa Machame na mtu wa Rombo wakikutana Rau Madukani wataishia kwenye Kiswahili. Kigweno cha Upare Kaskazini ni ndugu wa damu wa lugha hizi, na Kitaita ni binamu. Na ndani ya Rombo walikuwako Wangasa, watu wenye lugha ya asili moja na Kimasai, ambayo kufikia miaka ya mwisho ya karne ya 20 ilibaki midomoni mwa wazee wachache. Watoto wao hawakufa, waligeuka Wachagga. Hivyo ndivyo makabila mengi yanavyokua, kwa kuzaa na kwa kumeza.

Ushahidi ninaoupenda zaidi, hata hivyo, unauzwa kwa lita. Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa muda mrefu hadi zikawa nyekundu, zikaachwa zichachuke, zikapondwa na kuchujwa. Halafu unapikwa uji wa kimea cha ulezi: ulezi uliolowekwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa. Uji huo, pamoja na ganda chungu la mti wa msesewa, unachanganywa na maji ya ndizi, na kesho yake kinywaji kiko tayari. Ulezi ni zao la Afrika, lilianza kulimwa katika nyanda za juu za upande wetu huu wa bara. Ndizi ni ya Asia, mababu zake wako Papua Guinea Mpya na visiwa vya kusini mashariki mwa bara hilo. Kila anayeinua kibuyu cha mbege anakunywa kilimo cha mabara mawili, na kimoja kati ya viungo hivyo viwili kilivuka Bahari ya Hindi.

Hakikuvuka chenyewe. Ndizi tunazokula hazina mbegu. Hazienezwi na ndege wala tumbili. Kila mgomba umetoka kwenye chipukizi lililong'olewa na mtu kutoka kwenye mgomba mwingine, likabebwa, likafukiwa. Kwa hiyo migomba ina ukoo, na ukoo huo unaweza kusomwa. Mwaka 2011 jopo la wataalamu wa vinasaba, akiolojia na isimu likiongozwa na Xavier Perrier lilichapisha uchunguzi wa namna hiyo. Ndizi mshare, ile inayopikiwa mtori, iko katika kundi moja na ndizi ziitwazo mlali huko Komoro, na jamaa wake wanapatikana Bukini pia. Yaani njia yake ilipita kwenye visiwa vya bahari yetu. Na kundi hilo hilo ndilo lililochangia damu katika ndizi ya Cavendish, hiyo ya manjano inayojaa maduka ya Ulaya na Marekani. Mwanafunzi wa Kichagga aliyeko London akinunua ndizi dukani na kulalamika kwamba haina ladha ya nyumbani, anakula jamaa ya mshare. (Kwamba haina ladha ya nyumbani ni kweli. Jaribu kuipikia mtori utajuta.)

Ukiunganisha mifongo, masimulizi ya koo, lugha na migomba, jibu linajitokeza ambalo watawala wa kikoloni hawakulipenda na baadhi yetu bado hatulipendi. Mchagga halisi wa damu moja hayupo na hakuwahi kuwapo. Hata kujiita Wachagga kwa pamoja ni jambo la juzi. Mtu wa karne ya 19 alikuwa wa Moshi, wa Kibosho, wa Marangu au wa Machame, na majirani zake aliwajua zaidi vitani. Chama cha wakulima wa kahawa cha 1925 kiliwakalisha watu wa falme hizo meza moja kwa sababu ya bei. Mwaka 1951 wakamchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu wa wote, wakapata bendera, sikukuu na fahari ya taifa, na kabla ya Uhuru cheo hicho kikafutwa. Uchagga ulijengwa na watu tunaowajua kwa majina, kwa miaka tunayoijua. Sisemi hivyo kuudharau. Nyumba iliyojengwa bado ni nyumba.

Kulikuwa, hata hivyo, na watu waliodhani asili ya binadamu itapatikana kwa njia nyingine, na kwao tunafika kwenye sehemu ngumu ya sura hii.

Mwisho wa karne ya 19 wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba mbari za watu zingeweza kutenganishwa kwa kupima vichwa. Upana kwa urefu, pembe ya taya, ujazo wa ubongo. Kwa kazi hiyo yalihitajika mafuvu, na kwa wingi. Huko Berlin, Felix von Luschan wa Jumba la Makumbusho la Elimu ya Watu aliwaandikia maofisa, madaktari na wasafiri katika makoloni akiwaelekeza cha kukusanya na namna ya kukisafirisha. Moshi ilikuwa na ngome ya Wajerumani, kwa hiyo ilikuwa na wakusanyaji. Daktari wa jeshi August Widenmann alitoa mwaka 1899 kitabu juu ya watu wa Kilimanjaro chenye vipimo vya miili yao. Watu walipimwa wakiwa hai, na walipokufa hawakuachwa.

Hapa yafaa kujua fuvu lilikuwa nini kwa mwenye kihamba. Dundas na wengine waliandika kwamba mzee aliyeacha watoto alizikwa nyumbani, na baada ya muda mifupa ilifukuliwa na fuvu kuwekwa mahali pake ndani ya kihamba, penye masale. Masale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani, na unaopelekewa mtu uliyemkosea unapotaka akusamehe. Babu aliendelea kukaa shambani kwake. Ardhi ilikuwa ya ukoo kwa sababu yeye yumo. Kwa mkusanyaji wa Kijerumani, mahali hapo palikuwa kisanduku kilicho wazi. Mafuvu mengi yaliyofika Berlin kutoka Afrika Mashariki yalitoka katika maziko ya namna mbalimbali, si katika medani za vita.

Mengine yalitoka kwenye mti wa kunyongea. Mangi Rindi, aliyekuwa hodari wa kucheza na wageni na aliyewahi mwaka 1889 kutuma wajumbe wake hadi Berlin kwa Kaisari, alifariki mwaka 1891 na mwanawe Meli akatawala akiwa kijana. Juni 1892 askari wa Meli waliwapiga Wajerumani, ofisa wao von Bülow akauawa. Agosti mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na jeshi kubwa na kumshinda. Aliendelea kuwa mangi chini yao, hadi aliposhtakiwa kwa kupanga uasi. Tarehe 2 Machi 1900, pale Tsudunyi, Old Moshi, alinyongwa pamoja na wenzake 18, viongozi na washauri. Masimulizi ya ukoo wake yanasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Von Luschan alipima mafuvu yake kwa miongo kadhaa. Mwaka 1922, miaka miwili kabla ya kifo chake, alichapisha kitabu cha mwisho juu ya watu, mbari na lugha, na humo akafikia hitimisho kwamba binadamu wote ni aina moja na hakuna watu walio duni kwa asili. Baadhi ya waandishi humpongeza kwa hilo. Mimi nashindwa. Maelfu ya vichwa viliondolewa makaburini ili mtu mmoja afikie jambo ambalo mzee yeyote wa Old Moshi, aliyeoza binti yake kwa Mpare na kumpokea Mkamba kihambani, angemwambia bure kabla ya chakula cha mchana. Na wanafunzi wa fani yake, chini ya Hitler, hawakumsikiliza hata hivyo.

Sayansi ya baadaye ilimaliza kazi kwa njia safi zaidi. Mwaka 1972 Richard Lewontin alionyesha kwamba asilimia 85 hivi ya tofauti za kinasaba kati ya binadamu zimo ndani ya kila jamii, baina ya jirani na jirani, wala si kati ya mbari na mbari. Mwaka 2009 Sarah Tishkoff na wenzake, wakiwamo watafiti wa Kiafrika, walichapisha uchunguzi wa jamii 121 za bara hili, Wahadzabe na Wasandawe wa Tanzania wakiwamo, na kuthibitisha kwamba hakuna bara lenye watu wanaotofautiana kinasaba kama Afrika. Ndiko binadamu wamekaa muda mrefu zaidi. Anayetaka kuona wingi wa binadamu haendi mbali. Stendi ya Moshi inatosha.

Mkusanyiko wa von Luschan ulihama mikono, ukaharibika kiasi, ukakaa kwenye masanduku. Mwaka 2011 ulichukuliwa na Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia, ambayo iliamua kuchunguza mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki. Yalionekana 904 kuwa ya Rwanda, 202 ya Tanzania, 22 ya Kenya. Kwa miaka mingi watu wa mlimani walikuwa wakiuliza habari za kichwa cha Mangi Meli. Mmoja wao ni Mnyaka Sururu Mboro, aliyekwenda Ujerumani kusoma miaka ya 1970 akiwa ameagizwa na bibi yake arudi nacho, na ambaye amekuwa akiwasumbua maofisa wa Berlin tangu hapo. Mwingine ni Mzee Isaria Meli, mjukuu wa mangi, aliyetoa sampuli ya vinasaba vyake ili ilinganishwe.

Septemba 2023 majibu yalitangazwa. Wataalamu walikuwa wamechukua mafuvu manane ya kutoka Kilimanjaro ambayo maelezo yake yalikuwa kamili kuliko mengine, wakalinganisha vinasaba vyake na vya watu walio hai. Fuvu moja lililingana wazi na mzao wake. Lilikuwa la mshauri mkubwa wa Mangi Meli, anayetajwa kwa jina la Akida. Mengine mawili yalikaribia kulingana kabisa katika mstari wa kiume. Maana yake ni hii: kuna sehemu ya vinasaba ambayo baba humpa mwana wa kiume, na mwana humpa mwanawe, karibu bila kubadilika. Ni njia ile ile inayofuatwa na ukoo wa Kichagga, kutoka kwa baba hadi mwana, pamoja na kihamba. Mfupa ulioondoka Moshi kama mfano wa mbari ulirudi kutajwa kama babu wa mtu.

Vifaa vya maabara peke yake visingefika hapo. Kipimo cha vinasaba hakisemi "huyu ni fulani". Kinasema tu kama hawa wawili ni ndugu. Ili kulinganisha, lazima kwanza kuwe na mtu wa kulinganishwa naye, na mtu huyo alipatikana kwa sababu familia za mlimani zilikuwa hazijasahau nani alinyongwa tarehe 2 Machi 1900, alikuwa mwana wa nani, na wajukuu wake wanakaa wapi. Kumbukumbu hiyo ilihifadhiwa kwa miaka 123 midomoni, bila ofisi wala bajeti. Kwa mafuvu mengi kati ya yale 202 kumbukumbu ya namna hiyo haijaunganishwa na kibandiko chochote. Na la Mangi Meli halikuwamo kati ya yaliyotambuliwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa msomaji mwenye wazee walio hai, awe wa Rau, Kidia, Uru, Mbokomu au mahali popote ambapo Wajerumani waliweka ngome. Kaa nao, uandike: jina la babu na la baba yake hadi wanapofika mwisho, ukoo wa kila bibi, maana wanawake huachwa nje ya nasaba na nusu ya historia inaondoka nao, mfongo gani, kihamba kipi, alizikwa wapi na kama aliwahi kufukuliwa. Kama kuna aliyechukuliwa akiwa hai au akiwa amekufa, andika na hilo, pamoja na mwaka au njaa au vita vilivyokuwako wakati huo. Weka nakala moja nyumbani na nyingine kwa ndugu anayeishi mbali. Siku sanduku la Berlin litakapofunguliwa tena, mtafiti atauliza majina, na anayeyajua leo ana miaka themanini.